Kila Kalamu Iandike Kwanza: Michezo ya Kurudia Masomo Sekondari

Kengele imelia, somo ni Jiografia, na darasa la kidato cha pili katika bonde la Ziwa Rukwa, tuseme Ilemba, limegawanywa timu mbili. Mwalimu anauliza, mikono inaruka juu, mmoja anajibu, upande wake unapiga makofi. Kipindi kinaisha kwa kelele za furaha na ubaoni kuna matokeo: 12 kwa 9. Ukihesabu waliojibu, hata hivyo, utapata wanafunzi sita au saba kati ya sitini. Waliobaki walikuwa washangiliaji.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kuchagua mchezo wowote wa marudio jiulize jambo moja: swali likishasomwa, ni vichwa vingapi vinalazimika kulitafutia jibu kwa wakati uleule? Kama ni kimoja, hayo ni maonyesho. Kama ni sitini, hayo ni marudio.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hesabu hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mwenye chaki, ubao na mkondo uliojaa, asiye na projekta wala uhakika wa umeme. Kiongozi wa kikundi cha prepu anaweza kuutumia vilevile.

Kwa nini mchezo, na kwa nini kuandika

Mwanafunzi anayepitia notsi kwa mara ya tatu huona kwamba ameshajua. Macho yanayatambua maneno, na kutambua kunafanana sana na kujua. Tofauti huonekana katika chumba cha mtihani, ambako notsi hazipo na jibu lazima litoke kichwani.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya sayansi. Kifungu kimoja kilisomwa mara mbili; kingine kilisomwa mara moja, kisha wanafunzi wakaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye, kusoma mara mbili kuliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Kifungu kilichoandikwa kwa kumbukumbu kilikumbukwa kwa asilimia 56, na kile kilichosomwa mara mbili kwa asilimia 42.

Mgeuko huo ndio unaowaponza wanafunzi. Usiku wa leo kusoma tena kunaonekana kufanya kazi vizuri zaidi, kwa hiyo wanaishikilia njia hiyo. Hasara huja wiki ijayo, na wakati huo hawaoni tena ilikotoka. Mchezo uliopangwa vizuri humfanya mwanafunzi aandike kwa kumbukumbu mara nyingi bila kuona kwamba anajaribiwa, na makosa yake yanajitokeza kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili au mtihani wa kidato cha nne.

Sababu ya pili ni lugha. Mtoto wa bondeni anaweza kuwa anaongea Kifipa au Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo anajua vizuri kabisa kwamba maji ya mpunga hukauka juani. Kinachomkwamisha ni neno la mtihani. Mchezo unaomlazimisha kulivuta neno hilo mara tano kwa wiki, tena akiwa amechangamka, humsaidia kuliko kulinakili mara moja chini ya kichwa cha habari.

Inafaa kutazama pia mtindo wa timu mbili na mkono wa haraka unafanana na nini. Unafanana na mashindano ya televisheni. Jeopardy! ilianza kurushwa Marekani mwaka 1964, na Waafrika Mashariki wengi wanalikumbuka shindano la vyuo vikuu la Celtel Africa Challenge lililoanza mwaka 2007, likiongozwa na Mkenya John Sibi-Okumu. Ni vipindi vizuri. Lakini vilitengenezwa ili wachache wajibu na maelfu watazame. Darasani huna watazamaji, una watahiniwa.

Maandalizi: boksi la maswali

Mchezo mzuri huanza siku kadhaa kabla, kwa kutengeneza kadi.

1. Chukua maboksi matupu dukani, uyakate vipande vya ukubwa wa kiganja. Vipande 100 vinatosha kwa kuanzia.
2. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu pamoja na mada. Tumia lugha ile ile ya mtihani.
3. Changanya maswali ya aina tatu: ya istilahi (hiki kinaitwaje), ya sababu (kwa nini hutokea) na ya matumizi (mkulima huyu afanye nini). Boksi lenye istilahi tupu hufundisha kukariri tu.
4. Mwagize kila mwanafunzi alete kadi mbili za mada iliyokwisha. Kutunga swali zuri ni marudio pia.
5. Kagua kila kadi kabla haijaingia kwenye boksi. Jibu lenye kosa likichezwa mara tatu litakaa kichwani kama ukweli.
6. Weka bahasha tatu: "kesho", "wiki ijayo" na "mwezi ujao". Swali ambalo wengi wamelipata linasogea bahasha ya mbele. Lililowashinda wengi linarudi kwenye "kesho". Mpango wa namna hii aliueleza Sebastian Leitner katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972, na gharama yake ni bahasha tatu.

Mchezo wa kwanza: kitendawili chenye deni

Huu ndio wa kuanza nao, kwa kuwa kanuni zake wanafunzi wanazo tangu utotoni. Mtegaji anasema "Kitendawili!", darasa linaitika "Tega!", na wakishindwa anadai mji. Sehemu ya mji ndiyo yenye hazina kwa mwalimu, kwa sababu inaligeuza jibu lililokosekana kuwa deni la darasa zima. Hakuna mwanafunzi mmoja anayebeba aibu.

Hatua zake:

1. Usiku wa kabla, kila mwanafunzi anatunga kitendawili kimoja kutoka mada mliyomaliza. Unachagua vinane au kumi.
2. Mtegaji anasimama na kutega. Baada ya kutega, darasa linanyamaza kwa sekunde 30. Kila mmoja anaandika jibu lake kwenye daftari. Hakuna mkono unaonyooshwa.
3. Monita anachomoa jina kutoka kwenye kopo lenye majina ya wote. Aliyechomolewa anasoma alichoandika. Akikosa, linachomolewa jina la pili, kisha la tatu.
4. Wote watatu wakikosa, mtegaji anadai: "Nipe mji." Darasa linamtajia mji: nenda Mpanda, nenda Tunduma. Mruhusu aukatae mmoja. Kicheko hicho kina kazi yake.
5. Akiridhika na mji, anatoa jibu na kueleza kila neno la kitendawili linalingana vipi na somo.
6. Pembeni mwa ubao, au kwenye manila ukutani, andika orodha yenye kichwa "Miji tuliyotoa". Mbele ya jina la mji andika mada, usiandike jibu.
7. Kipindi kijacho kinaanzia hapo. Kitendawili kinategwa upya, wote wanaandika, na theluthi mbili wakipata mji unakombolewa na kufutwa.

Mifano mitatu ya kuonyesha kiwango kinachotakiwa:

*Mito yote naipokea, mlango wa kuitoa sina.* Ni ziwa lisilo na mto unaotoka, kama Rukwa. Swali la kufuatia: kwa nini maji ya ziwa la aina hiyo huwa na chumvi au magadi?

*Bawabu asiyelala: maji humpita, wengine humwomba ruhusa.* Ni utando wa seli. Hapa darasa lieleze osmosisi kwa maneno ya mtihani.

*Niliingia jiwe jekundu, nikatoka jembe.* Ni mawe ya chuma. Wafipa waliyayeyusha katika matanuri marefu ya udongo, na mada hiyo imo katika Historia ya zama za chuma. Mwalimu wa Kemia naye anaweza kudaka hapohapo: makaa yalitoa gesi gani iliyoondoa oksijeni kwenye mawe? Ni kaboni monoksidi. Kitendawili kimoja kimefanya kazi ya masomo mawili, na vitu vya Ufipa vimeingia kwenye daftari kama maarifa ya kutahiniwa.

Kosa linalotokea mara nyingi hapa ni kitendawili kisicho na somo, yaani chenye kufurahisha tu. Kipimo ni hatua ya 5. Mtegaji asipoweza kueleza ulinganisho, kitendawili chake hakifai, hata kama kimechekesha.

Mchezo wa pili: bingo ya istilahi

Unafaa mada zenye maneno mengi: seli, hali ya hewa, bondi za kemikali, biashara.

1. Andika ubaoni istilahi 15. Kila mwanafunzi anachora kisanduku cha safu 3 kwa 3 na kuchagua istilahi 9, akizipanga anavyotaka.
2. Soma maelezo, usisome neno. Ukilisoma neno, mchezo unakuwa wa masikio.
3. Yape kila maelezo namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanafunzi anaandika namba hiyo pembeni mwa istilahi anayoona inalingana.
4. Anayepata mstari mmoja anasimama, anasoma istilahi zake tatu na namba zake, kisha anatoa mfano wake mwenyewe kwa kila moja. Akikosea anakaa, mchezo unaendelea.

Walimu wengi hutumia maharage au vizibo vya soda kufunikia maneno. Namba ni bora. Maharage yakishaondolewa huwezi kujua nani aliyaweka pasipostahili. Namba zinabaki kwenye daftari, unapita kati ya meza na kuona kwamba nusu ya darasa wamechanganya osmosisi na usambaaji. Hapo umepata somo la kesho.

Mchezo wa tatu, wa siku ya mvua: wawinda makosa

Mvua kubwa ikipiga juu ya bati, hakuna mchezo wa mdomo unaowezekana. Usipigane nayo. Andika ubaoni aya yenye makosa, waambie yako mangapi, na kila mwanafunzi ayatafute na kuyasahihisha kimya. Kwa mfano:

*"Ziwa Rukwa liko katika tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Ni ziwa lenye kina kirefu sana. Mito Momba na Songwe humwaga maji ndani yake. Maji yake ni baridi yasiyo na chumvi, na hutoka kwa mto kwenda Ziwa Tanganyika."*

Makosa ni manne: tawi ni la magharibi, ziwa lina kina kifupi, maji yake yana magadi, na hakuna mto unaotoka humo. Sentensi ya mito ni kweli, na imewekwa makusudi, kwa kuwa aya iliyojaa makosa matupu hufundisha kufuta kila kitu. Mpe alama yule tu aliyeandika sahihisho pamoja na sababu. Kupigia mstari ni kubahatisha. Mwishoni futa aya ile na uandike ya kweli mahali pake, ili picha ya mwisho machoni iwe sahihi.

Mchezo wa nne: meza za mashindano

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David DeVries na Keith Edwards wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitengeneza mpangilio unaotatua tatizo sugu la timu: mwenye uwezo kujibu kwa niaba ya wote. Wazo lao ni rahisi. Timu za nyumbani zinachanganya uwezo, lakini kwenye mashindano kila mwanafunzi hukutana na wa kiwango chake.

1. Gawa darasa katika timu za watu wanne: mmoja mwenye alama za juu, wawili wa kati, mmoja wa chini. Wanafundishana kwa dakika 15.
2. Kisha wahamishe. Wa juu wa timu zote wanakaa pamoja, wa chini vilevile, watatu au wanne kwa kila meza. Usiziite meza za "wazuri" na "wabovu". Zipe majina ya mito.
3. Kila meza ina rundo la kadi. Mmoja anasoma swali, wote wanaandika, wanalinganisha, kadi inageuzwa. Aliyepata anapewa alama.
4. Alama zinarudi timu ya nyumbani, na za meza ya chini zina thamani ileile ya meza ya juu.

Kwa hesabu ya darasani, mwanafunzi wa mwisho ana nafasi sawa ya kuiletea timu yake ushindi, na wenzake wana sababu ya kumfundisha vizuri. Mpangilio huu unabeba maswali mazito pia, kama hili la Historia: mbao ambazo watafiti walizitangaza mwaka 2023, zilizochongwa na kuunganishwa zaidi ya miaka 470,000 iliyopita, zilizopatikana karibu na maporomoko ya Kalambo kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, zinatuambia nini kuhusu binadamu wa zama za mawe za mwanzo? Swali hilo halina neno moja la kujibu, kwa hiyo kila mmoja aandike sentensi mbili na meza ikubaliane ipi ina hoja.

Mpangilio huu unahitaji vipindi viwili pamoja. Usiujaribu katika dakika 40.

KISANDUKU: Dakika 40 zikae hivi

- Dakika 5: kukomboa miji au kadi za bahasha ya "kesho".
- Dakika 20: mchezo mmoja, si miwili.
- Dakika 10: kufafanua maswali matatu yaliyowashinda wengi. Sehemu hii isiliwe na mchezo hata kama darasa linaomba.
- Dakika 5: daftari limefungwa, kila mmoja anaandika mambo matatu aliyokumbuka leo na moja ambalo bado linamchanganya. Unakusanya karatasi.

KISANDUKU: Makosa yanayoua mchezo

- *Mkono wa haraka.* Anayewahi kunyoosha mkono huwaondolea wenzake sababu ya kufikiri. Kuandika kuje kwanza, jina lichomolewe baadaye.
- *Kumwadhibu aliyekosa.* Kusimamishwa, kuchekwa, achilia mbali kiboko, hufundisha kunakili jibu la jirani. Darasa likianza kumcheka mtu, simamisha mchezo papo hapo na useme kwa nini.
- *Wavulana dhidi ya wasichana.* Kila alama inageuka hoja juu ya jinsia, na wasichana wenye aibu hunyamaza zaidi. Changanya.
- *Kuchezea mada isiyofundishwa.* Mchezo huvuta kilichomo kichwani. Kama hakuna kitu, wanafunzi watabahatisha na kukumbuka walichobahatisha.
- *Zawadi kubwa.* Pesa au kalamu kwa mshindi huleta ugomvi kuhusu alama. Heshima ya kufuta jina la mji inatosha.
- *Jibu bila sahihisho.* Swali lililokoswa na kuachwa hivyo ni bora lisingeulizwa.

Kabla ya kuingia darasani, hakiki

☐ Kila swali linamlazimu kila mwanafunzi kuandika.
☐ Kadi zote zimekaguliwa, majibu ni sahihi.
☐ Kopo la majina lina majina yote, hata ya waliokosa shule wiki iliyopita.
☐ Walau theluthi ya maswali ni ya mada za zamani, si za wiki hii tu.
☐ Darasa la jirani limeambiwa kwamba kutakuwa na sauti.
☐ Kuna mchezo wa kimya wa akiba kama mvua itanyesha.

Kuhusu waliokosa shule: msimu wa kulima na wa kuamia ndege mpungani, madawati mengine hubaki wazi. Mwanafunzi anayerudi baada ya wiki mbili asiingizwe kwenye shindano siku hiyohiyo. Mpe kazi ya kushika kopo na kusoma kadi. Atasikia maswali na majibu yote, na siku ya pili ataandika pamoja na wenzake.

Pima mwenyewe

Usikubali mwongozo huu kwa maneno matupu. Chukua mada mbili zenye ugumu unaokaribiana. Ya kwanza irudiwe kwa kitendawili au bingo, ya pili kwa kusoma notsi, muda uwe sawa. Usiwatangazie mtihani. Baada ya siku saba, toa maswali matano kwa kila mada, kwenye karatasi, bila majina ikiwa wana hofu. Jumlisha alama za darasa zima, mada kwa mada.

Mada ya mchezo ikiongoza, endelea na uongeze mada nyingine. Alama zikilingana, tazama mambo mawili: je, kila mwanafunzi aliandika kabla ya jibu kutajwa, na je, zile dakika 10 za kufafanua zilibaki salama? Mara nyingi moja kati ya hayo lilirukwa. Lirekebishe, chagua mada nyingine mbili, upime tena wiki inayofuata.